Jina la Ukoo na Anwani ya Mwalimu

Miaka ile ya mwisho ya tisini, nusu ya mji wa Voi ilikuwa na anwani moja tu ya imeli, nayo ilikuwa ya ofisi yetu. Ofisi ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kilichomegwa kutoka kwenye duka la baba la vifaa vya ujenzi, chenye simu, mashine ya faksi, mashine ya kopi, na kompyuta moja niliyoifunika kitambaa kila nikifunga kwa sababu ya vumbi jekundu. Mtu akitaka kumwandikia ndugu yake aliye Jeddah au London, alikuja akanisomea maneno, nami nikayapiga. Majibu yakirudi, yalirudi yote kwenye kisanduku kimoja. Asubuhi na alasiri nilipiga simu kwa kampuni ya Mombasa iliyotupa huduma, modemu ikakoroma, barua zikashuka, nikakata upesi kwa sababu simu ya masafa marefu ilikuwa ghali. Kisha nilizichapisha, nikazikunja, nikaandika jina la mwenyewe juu, nikaziweka kwenye trei ya kaunta.

Ndivyo tulivyofanya, na hakuna aliyelalamika mpaka ilipokuja habari ya mwalimu.

Alikuwa mwanamke wa Mwanda, kule juu milimani, mtu wa sauti ya chini. Alifundisha watoto viziwi, na hata alipozungumza nasi tunaosikia, mikono yake haikutulia. Ilisema nusu ya maneno. Alikuwa ameomba nafasi ya kusoma Uswidi kwa mwaka mmoja, kwenye chuo kinachofundisha walimu wa watoto kama wale wake. Mumewe alikuwa na kazi kwenye ranchi huko Kishushe, akija nyumbani mwisho wa mwezi, barabara ikikubali. Hakuwa amemwambia.

"Nikipata nitamwambia," alinieleza siku ya kwanza. "Nikikosa, hakuna haja ya kumsumbua, dada."

Barua ya kwanza kutoka Uswidi ilisema ameingia katika kundi la mwisho la wanaofikiriwa. Niliichapisha, nikaikunja, nikaiweka kwenye trei kama nyingine. Kabla hajateremka kuichukua, alikuja mama mmoja wa huko huko kwao kutafuta faksi yake, akapekua zile karatasi moja moja. Sikumtilia maanani. Mwalimu alipoipata barua yake na kurudi nayo Mwanda, alikuta habari imemtangulia kupanda mlima.

Wiki iliyofuata akaingia mwanamume ambaye sikumjua. Alivaa koti zuri, akasubiri wateja watoke, kisha akaweka mikono miwili juu ya kaunta.

"Mke wa kaka yangu anaandikiwa na wazungu hapa kwako," alisema. "Nataka kuona wanamwandikia nini."

Nikamuuliza ni nani. Akataja jina la mwalimu. Wakati ule ule, barua ya pili ya mwalimu ilikuwa chini ya mkono wangu, imetoka kwenye printa sasa hivi, karatasi ingali na joto. Niliisukuma taratibu chini ya kitabu cha simu, macho yangu yakiwa usoni mwake.

"Barua za mtu nampa mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe ni nani? Yeye ni wa nyumba yetu. Kaka yangu yuko porini na ng'ombe wa watu, hajui mkewe anavunja nyumba. Mimi ndiye niko hapa badala yake."

"Basi kaka yako na aje."

Aliinamia kaunta. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema anajua ofisi hii haina mlango wa kufunga, na kwamba karatasi zinalala kwenye trei kila mtu akiziona, kwa hiyo nisimwambie habari ya siri. Alichosema kilikuwa kweli. Akanyoosha mkono kwenye trei akaanza kupekua.

Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta akipima kamba kwa mteja. Alikuwa amesikia yote. Aliingia na ile kamba ingali mkononi.

"Mwanangu," alimwambia, "ziweke chini hizo."

"Mzee, mimi sina ugomvi na wewe."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia kwa uzuri. Hizo ni amana za watu. Amana haifunguliwi na asiyekabidhiwa, hata akiwa ndugu wa toka nitoke."

Yule bwana alimtazama, akazirudisha karatasi, akazipanga hata kingo zikalingana. "Nitarudi na kaka yangu," akasema, akatoka.

Baba alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Alikuwa hapendi kompyuta tangu ilipoingia. Aliiita "kile chombo chenu," changu na cha kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, aliyetushawishi kuinunua.

"Yule mtu amesema kweli kuhusu trei," akasema. "Mwambie kaka yako. Hapana njia ya kila mtu kuwa na sanduku lake na ufunguo wake?"

Njia ilikuwapo. Kaka yangu alikwisha kuizungumza mara nyingi, nasi hatukumsikiliza. Alisema tunaweza kusajili jina letu wenyewe kwenye intaneti, wao huliita domeni, na chini ya jina hilo tukafungua visanduku kadiri tupendavyo. Kila mteja angekuwa na anwani yake: jina lake mbele, jina letu nyuma, na neno la siri analolijua yeye tu. Mimi nisingeona barua ya mtu hata nikitaka.

Swali lilikuwa jina gani. Nilipendekeza jina la mji. Kaka alisema tutumie jina la ukoo, ni fupi na hakuna mwingine duniani atakayekuwa amelichukua. Nilidhani baba atakataa katakata kutia jina la babu yake kwenye chombo. Badala yake akasema, "Tieni letu. Mtu akija kulaumu, ajue anamlaumu nani."

Nilipiga ile fomu ya usajili mwenyewe, kwa Kiingereza. Waliuliza mwenye jina, anakokaa, nani wa kulaumiwa likiharibika, na ni kompyuta zipi mbili zitakazolitunza jina na kuuelekeza ulimwengu lilipo. Hizo mbili zilikuwa za kampuni ile ya Mombasa. Kaka aliwapigia simu akawatajia jina, nao wakaahidi kuliandika upande wao. Malipo yalifanywa kwa kadi ya mume wa shangazi yangu aliye Muscat, baada ya faksi mbili za kumweleza tunanunua kitu gani kisichoshikika.

Mwalimu aliteremka siku ambayo uthibitisho ulifika kwamba jina ni letu. Alikuwa amekonda. Shemeji yake alikuwa amekwenda hadi shuleni, na mama mkwe alikuwa haongei naye.

"Wanaamua wiki ijayo," aliniambia alipokwisha kuisoma ile barua ya pili niliyomfichia, akimaanisha watu wa Uswidi. "Dada, barua hiyo isilale kwenye trei. Tafadhali."

Kampuni ya Mombasa ilikuwa imetuambia kila kitu kiko tayari. Basi nikamfungulia kisanduku chake, cha kwanza kabisa chini ya jina letu. Niligeuka dirishani akaandika neno lake la siri. Kisha tukawaandikia Uswidi kutoka anwani ya zamani: kuanzia leo, tumieni hii mpya. Alisoma anwani yake kwenye kioo kwa sauti, mara mbili, jina lake na jina letu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Jumatatu niliamua kuijaribu. Niliandika maneno mawili matatu kutoka anwani ya zamani kwenda ile yake. Hayakufika. Jumanne ilinirudia barua ya mashine, kwa Kiingereza kikavu, ikisema ujumbe wangu haujapokelewa, kwamba mashine ya kupokea haijibu ipasavyo, na kwamba wataendelea kujaribu.

Niliisoma mara mbili. Haraka nikawaandikia Uswidi watumie anwani ya zamani. Jibu lilikuja alasiri ile ile, kutoka kwa mtu wa mapokezi: barua ya uamuzi ilikwisha kutumwa Jumatatu kwenye anwani mliyotupa, ofisi husika imefungwa hadi wiki ijayo, na wote waliopewa nafasi wajibu kabla ya Jumatatu ijayo kwisha.

Mwalimu alipofika Jumatano nilimweleza bila kuzunguka. Alikaa kwenye benchi, mikono imetulia mapajani, na kutulia kule kuliniumiza kuliko kama angenigombeza.

"Kwa hiyo barua iko, lakini haiko," akasema.

"Iko njiani. Kaka anasema mashine ya huko inabisha hodi kwetu, haisikii jibu, inarudi baadaye inabisha tena. Inafanya hivyo siku kadhaa kabla ya kuchoka."

"Na ikichoka?"

"Inamrudishia aliyeituma."

"Ambaye hayuko."

"Unaweza kuwaandikia kwamba umekubali," nilisema. "Hata kabla ya kuiona."

Alitikisa kichwa. "Siwezi kukubali kitu ambacho sijui kama nimepewa."

Nikapiga simu Mombasa mbele yake. Sikumpigia kaka, niliwapigia wale wa kampuni, na nikang'ang'ania mpaka wakanipa yule fundi aliyeandika jina letu. Alikuwa na haraka. Alisema tatizo si lao, kila kitu kwao kiko sawa, labda ni kwa wale wa Amerika waliolisajili jina.

"Nisomee jina ulivyoliandika," nikasema. "Herufi kwa herufi."

"Mama, nimekuambia liko sawa."

"Nisomee tu."

Alianza kusoma. Ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu akasema N.

"M," nikasema.

"Ndiyo. N."

"Si N ya Nairobi. Ni M. M ya Mwatate."

Simu ikanguruma kama mtu anayesugua sufuria, kisha ikawa kimya. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Hakuna mlio. Nje mvua ilikuwa haijaanza hata, lakini upande wa Maungu mawingu yalikuwa meusi, na jioni tukasikia kwamba tembo walikuwa wameangusha nguzo za simu, kadhaa, na mafundi hawatakwenda mpaka wanyama waondoke njiani.

Sikujua kama fundi alisikia M ya Mwatate au alisikia kelele tu.

Mwalimu alilala kwetu usiku huo, kwa kuwa gari za Mwanda zilikuwa zimekwisha. Mama alimpa chumba cha dada zangu. Kwenye chakula hakuna aliyetaja barua. Baba alimuuliza watoto viziwi wanajifunzaje kuhesabu, naye akamwonyesha, na baba akajaribu kwa vidole vyake vinene, akakosea, akajaribu tena.

Alhamisi asubuhi simu ilikuwa bado imekufa. Nilitaka kupanda basi kwenda Mombasa mwenyewe. Baba akakataa, si kwa sababu ya safari, bali kwa sababu mtu yule wa koti angeweza kurudi na asinikute. "Yule akija, lazima akukute wewe," akasema. Alichukua kipande cha katoni ya misumari, akaandika juu yake kwa kalamu nene jina la ukoo wetu, herufi zilizosimama mbalimbali, na ile ya tatu akaizungushia duara. Chini akaandika namba ya simu ya kazini kwa kaka, aipokee na kuipeleka kwa yule fundi. Alikwenda nayo mpaka stendi, akampa kondakta wa basi la Mombasa aliyekuwa akimletea mizigo ya duka, akamweleza kwamba ile katoni ina haraka kuliko mzigo wowote aliopata kumbebea.

Tulikaa siku nzima bila kujua. Wateja waliingia wakatoka. Niliwatolea kopi, sikukumbuka nyuso zao. Mchana mwalimu alikwenda kanisani akarudi, akakaa kwenye benchi lile lile. Kila gari la kutoka milimani liliposimama ng'ambo nilimwona akiinua kichwa. Alikuwa akimwogopa yule yule niliyemwogopa mimi.

Hakuja. Usiku mvua ikanyesha.

Ijumaa niliinua simu nilipofungua tu, nikasikia mlio. Nilibaki nimeishika sikioni, nikiogopa kuikata. Kisha nikaunganisha modemu. Ilikoroma, ikatulia, ikakoroma tena, ikashika. Mwalimu alikuja nyuma ya kaunta, nikampisha kwenye kiti. Aliandika neno lake la siri, akakosea, mashine ikamkataa. Akapangusa vidole kwenye sketi, akaandika tena.

Ile alama ndogo ya kushuka kwa barua ilianza kujaa. Kwanza iliingia ile yangu ya Jumatatu, maneno yangu mawili matatu ya kujaribu, ndipo nikajua M imeandikwa. Baada yake ikaja nyingine, nzito, iliyokwenda polepole hata nikadhani laini imekatika.

Niligeuka nikaenda kusimama mlangoni kwa baba. Sikutaka kusoma hata mstari mmoja. Niliposhindwa kuvumilia nikageuka, nikamwona amefunika mdomo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unafanya ishara hewani, ile ile, tena na tena, ishara ambayo sikuijua maana yake na sikuhitaji kuambiwa.

"Wamekupa?" baba akauliza.

"Wamenipa, mzee."

Nilidhani atawajibu Uswidi pale pale. Akaifunga ile barua bila kuijibu.

"Nilisema nikipata nitamwambia," akasema. "Sasa nimepata."

Kishushe hapakuwa na simu. Magari ya kwenda huko yalikuwa machache siku za kiangazi, na sasa mvua ilikuwa imenyesha. Baba aliuliza madukani mpaka akapata lori lililokuwa likipeleka magunia ya chumvi ya ng'ombe kwenye ranchi Jumamosi alfajiri. Mwalimu alipanda mbele na dereva, na mfuko mmoja tu. Nilimwambia kwamba ofisi itakuwa wazi Jumatatu kuanzia asubuhi. Sikumwambia jambo nililokuwa nikilifikiria, kwamba shemeji yake huenda alikwisha kupeleka neno huko kwa njia yake, wiki nzima iliyopita.

Jumatatu ilikwenda polepole kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Saa nne, saa sita, adhana ya adhuhuri. Nilikuwa nimeamua kwamba hawezi kuja tena, na nilikuwa nikijiuliza itakuwaje nikiandika mwenyewe kule Uswidi kuomba wamngojee, ndipo lile lori likasimama mbele ya duka. Waliteremka wawili. Mwanamume alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, matope hadi magotini. Mwalimu alitembea nyuma yake, na uso wake haukunieleza kitu.

Mume alisimama kwenye kaunta, pale pale alipokuwa amesimama ndugu yake.

"Wewe ndiye uliyemnyima ndugu yangu barua?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Alisema anakuja kwa niaba yangu."

"Alisema hivyo."

"Na ningekuja mimi mwenyewe, ungenipa?"

Nilimsikia baba akiacha kupanga vitu upande wa pili. Nilimtazama mwalimu, alikuwa akitazama sakafu. Nikasema, "Hapana. Ningekuambia umuulize mwenyewe."

Alifikiri juu ya hilo. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, nilikuja kumzoea baadaye. Kisha akavua kofia akaiweka kwenye kaunta.

"Nimeshamuuliza," akasema. "Tumezungumza siku mbili. Ananiambia kila mtu hapa anaweza kuwa na sanduku lake, na hakuna mwingine anayelifungua. Hata ndugu."

"Hata ndugu," nikasema. "Hata mimi."

"Basi nifungulie na mimi. Huyu akiondoka, aniandikie mimi. Asimwandikie mtu mwingine anisomee."

Mwalimu alipita nyuma ya kaunta akakaa kwenye kompyuta. Alijibu kwa sentensi nne za Kiingereza, akazisoma, akafuta moja, akatuma. Nilikata simu. Nikamfungulia mumewe kisanduku, jina lake mbele, la ukoo wetu nyuma, naye akaniomba niende dukani kwa baba wakati anachagua neno la siri. Alichukua muda mrefu mno hata baba akanitazama kwa swali.

Mwalimu aliondoka baada ya Krismasi. Yule shemeji alikuja tena siku moja, akatoa kopi ya kitambulisho, akalipa, akaenda zake. Watu wengine walianza kuomba visanduku vyao, wenye maduka kwanza, kisha mfanyabiashara wa nyanya wa Chala aliyekuwa na wanunuzi ng'ambo ya mpaka, kisha padri. Ile trei ya kaunta nikaanza kuwekea vikombe.

Mume wa mwalimu alikuja kila mwisho wa mwezi, akitokea Kishushe kabla ya kupanda Mwanda kwa watoto wao. Alisoma barua za mkewe akisogeza midomo. Kujibu kulimchosha zaidi kuliko ng'ombe, alisema. Alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, akiinama karibu na vibonyezo kana kwamba anatafuta kupe. Mara ya kwanza alifika katikati ya mstari akasimama, akaniita.

"Dada. Alama ya kuuliza iko wapi?"

Nilimwonyesha bila kutazama kioo. Aliibonyeza, akashukuru, akangoja nirudi kwenye mashine ya kopi ndipo akaendelea.